Tangazo likae wapi? Njia za kuipatia programu huria kipato, zikilinganishwa

Mwenye programu huria anayetaka kuweka matangazo ana shida ambayo mwenye gazeti hana. Leseni aliyoitoa kwa hiari yake inamruhusu mtu yeyote kuuchukua msimbo, kulifuta tangazo, kisha kuwagawia watu toleo lisilo na tangazo. GPL, mojawapo ya leseni zinazotumika sana kwa programu huria, haikatazi biashara wala matangazo. Inachokataza ni kuwazuia wengine wasibadilishe ulichowapa.

Ndiyo maana swali ambalo wengi huanza nalo, la mtandao gani wa matangazo unalipa vizuri, mimi naliweka nyuma. La kwanza ni tangazo likae wapi: pale mtumiaji anapotokea kwenda intaneti, ndani ya programu yenyewe, kwenye kisakinishi, au nje kabisa, kwenye kurasa za maelezo. Nazilinganisha sehemu hizo kwa mambo matatu: nani analipa, mtumiaji anatozwa nini bila kuulizwa, na mtu mwingine anaweza kwa urahisi gani kuliondoa tangazo na kuondoka na watumiaji wako.

Kitafutio cha mwanzo: fedha nyingi, mlipaji mmoja

Mfano mkubwa kuliko yote ni Firefox, kivinjari huria cha shirika la Mozilla. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 9 Novemba 2004 likiwa na kisanduku cha kutafutia kilichoelekezwa Google. Mtumiaji akiandika neno, ukurasa wa majibu ni wa Google na matangazo yaliyomo ni ya Google. Mozilla hulipwa kwa kuwa imemfikisha mtu pale. Mapato ya Mozilla yalikuwa dola milioni 5.8 mwaka 2004. Mwaka 2005 yakafika dola milioni 52.9.

Mpango huu umedumu kwa sababu ndani ya Firefox hakuna tangazo la kufuta. Mtu alikuwa anakwenda kutafuta kitu hata hivyo, na akitaka kitafutio kingine anakibadilisha kwenye mipangilio. Matawi ya Firefox, yaani programu ambazo wengine wamezijenga kutokana na msimbo wake, yapo, LibreWolf ikiwa mojawapo, lakini mtumiaji wa kawaida hana kero inayomsukuma kuhama.

Kasoro iko upande wa pili. Mozilla iliwahi kuhamia Yahoo mwaka 2014 kwa mkataba wa miaka 5, ikauvunja Novemba 2017 na kurudi Google. Mei 2025, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google kuhusu ukiritimba wa utafutaji, mkuu wa fedha wa Mozilla, Eric Muhlheim, aliieleza mahakama kwamba karibu asilimia 90 ya mapato ya Mozilla hutoka Firefox, na karibu asilimia 85 ya fedha hizo hutoka Google. Kwa hiyo kesi ambayo Mozilla haikuwa mshitakiwa wala mlalamikaji ingeweza kuifilisi, kama mahakama ingepiga marufuku malipo hayo. Septemba 2025 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google inaweza kuendelea kulipia nafasi ya kuwa kitafutio cha mwanzo, ila isifunge mikataba ya kuwatenga wengine. Mozilla ilipumua, lakini hatima yake ilikuwa imeamuliwa kwenye chumba ambamo haikuwa na kiti cha mdaawa.

Linux Mint, mfumo endeshi huria, imetumia mbinu hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Kwa miaka mingi ilitanguliza vitafutio vilivyokubali kugawana nayo mapato, na anayetaka vingine alilazimika kuviongeza mwenyewe. Januari 2022 ikaingia makubaliano na Mozilla na kurudisha mipangilio ya kawaida ya Firefox. Ila tazama taarifa zake za kila mwezi: bado zinawashukuru wachangiaji na wafadhili. Haikukubali kutegemea mfuko mmoja, na hapo imeishinda Mozilla kwa busara ingawa haiikaribii kwa fedha.

Kama programu yako ni kamusi, kalenda au daftari la mauzo ya duka, njia hii haikuhusu. Inamfaa mwenye kivinjari au mfumo endeshi wenye watumiaji wengi sana.

Utafutaji uleule, mahali pasipofaa

Iweke Ubuntu, mfumo endeshi huria wa kampuni ya Canonical, kando ya Firefox uone tofauti. Oktoba 2012, toleo la 12.10 lilikuja na mpango wa kupata kamisheni kutoka Amazon. Ukifungua menyu na kuandika jina la faili lako, herufi ulizoandika zilipelekwa kwenye seva za Canonical, na chini ya mafaili yako zikatokea bidhaa za kununua. Kwa upande wa fedha, ni Firefox tupu: mtu anatafuta, anabofya, mwenye programu anapata fungu lake. Kwa mtumiaji ni jambo jingine kabisa. Anayeandika kwenye kisanduku cha kivinjari anajua kwamba anauliza intaneti. Anayetafuta barua ya daktari kwenye kompyuta yake hajauliza mtu yeyote.

Taasisi ya haki za kidijitali ya EFF ililalamika mwezi huohuo, na Desemba Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, akaiita Ubuntu programu ya kijasusi. Canonical iliweka kitufe cha kuzima, lakini ilichukua mpaka Aprili 2016, kwenye toleo la 16.04, ndipo jambo hilo likazimwa tangu mwanzo. Miaka mitatu na nusu ya sifa mbaya kwa kamisheni za dukani ni bei ghali mno.

Kabla ya hapo Canonical ilikuwa imeonyesha jambo jingine ambalo kila mwandishi wa programu anapaswa kulijua. Kicheza muziki Banshee kilikuwa na duka la muziki la Amazon ndani yake, na kamisheni yote ilikwenda GNOME Foundation, taasisi isiyo ya faida inayosimamia mradi huria wa GNOME. Ubuntu 11.04 ilipokifanya Banshee kuwa kicheza muziki chake cha kawaida mwaka 2011, Canonical ilibadilisha msimbo ili asilimia 75 ya kamisheni ije kwake na 25 zibaki GNOME. Waandishi wa Banshee hawakupendezwa, lakini leseni iliruhusu. Kwa hiyo ukiweka kiungo cha kamisheni ndani ya msimbo huria, fahamu kwamba anayeisambaza programu hadi kwa mtumiaji anaweza kuandika namba yake ya kupokelea kamisheni badala ya yako. Kamisheni humfuata mwenye njia ya usambazaji.

Kisakinishi chenye vya ziada

Hii nitaimaliza haraka, kwa sababu sioni hali yoyote ninayoweza kuipendekeza. Mtu anapakua programu yako, na wakati wa kusakinisha anawekewa vipengele vya kukubali: upau wa kivinjari, kisafisha kompyuta, na mengine asiyoyahitaji. Unalipwa kwa kila anayebofya "endelea" bila kusoma.

SourceForge, tovuti ya kuhifadhi na kusambaza programu huria, ilianzisha mpango wa aina hiyo, DevShare, Julai 2013. FileZilla, programu ya kuhamisha mafaili, ilijiunga. GIMP, programu ya kuhariri picha, ilikataa na Novemba mwaka huohuo ikahamishia visakinishi vyake vya Windows kwenye seva zake. Kisha Mei 2015 ikagundulika kwamba SourceForge imeuchukua ukurasa wa zamani wa GIMP na kukiviringishia kisakinishi chake vitu vya watangazaji. Miradi ikaendelea kuondoka. Januari 2016 tovuti iliuzwa, na wenyewe wapya wakaufuta mpango huo mwezi uliofuata. Hata walipoufuta, jina la tovuti iliyokuwa nyumbani kwa programu huria kwa zaidi ya muongo mmoja lilikuwa limekwisha kuchafuka.

Waathirika wakubwa wa njia hii ni watumiaji wasiozoea kompyuta. Fundi anajua pa kuondoa alama ya tiki. Mzee anayesakinisha programu ya kutazama picha za wajukuu hajui.

Mtandao wa matangazo ndani ya programu ya simu

Hapa ndipo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watakapojikuta, kwa kuwa wengi wanaandikia Android. AdMob ya Google ni rahisi kuianza: unaongeza maktaba yake, yaani msimbo ulioandikwa tayari, unachagua mahali pa bango, na matangazo yanaanza kuja bila kumjua hata mtangazaji mmoja. Ikilinganishwa na mkataba wa kitafutio, haihitaji mamilioni ya watu wala wanasheria.

Ila maktaba yenyewe si huria. Kama msimbo wote ni wako, unaweza kujiruhusu kuichanganya na kazi yako. Lakini kama umepokea msimbo wa wengine chini ya GPL, kuiunganisha na maktaba iliyofungwa ni kuvunja masharti waliyokupa. F-Droid, duka la programu huria za Android, haipokei programu inayotegemea maktaba ya aina hiyo. Ukichagua AdMob, umeligeuzia kisogo duka ambalo watumiaji wake ndio wanaojali uhuru wa msimbo kuliko wengine wote, na mara nyingi ndio wanaokutafsiria na kukuripotia hitilafu.

Kisha kuna malipo. Mtangazaji hulipa kulingana na mahali alipo mtazamaji, na watazamaji wa Mwanza au Kisumu hawauzwi kwa bei ya watazamaji wa Marekani. Google hailipi mpaka salio lifike dola 100. Pia huthibitisha anwani kwa kutuma namba ya siri kwa barua ya posta, na mwenye kutegemea sanduku la posta la ofisi au la shule anajua barua kama hiyo inavyoweza kuzunguka.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa namba za kudhania. Una watumiaji 500 wa kila siku, kila mmoja anaona matangazo 4, na kila matangazo 1,000 yanakuletea dola 1. Ni matangazo 2,000 kwa siku, yaani dola 2, au dola 60 kwa mwezi. Utasubiri karibu miezi miwili kuufikia mpaka wa malipo. Sasa geuza upande wa mtumiaji. Kila tangazo likiwa na uzito wa KB 200, mtu mmoja anapakua KB 800 kwa siku, ambazo ni MB 24 kwa mwezi. Watumiaji wako 500 kwa pamoja wamechoma GB 12 za bando ili wewe upate dola 60. Badilisha namba ziwe zako, lakini fanya hesabu zote mbili. Watu wetu hununua bando la siku na la saa, na programu inayojiita ya bure huku ikila MB haiwi bure kwao.

Na kuliondoa tangazo? Hakuna njia ambayo ni rahisi kuliko hii. Simple Mobile Tools zilikuwa programu ndogo za Android, za picha, kalenda, mafaili na kadhalika, chini ya leseni ya GPL, zikipendwa hasa kwa kutokuwa na matangazo. Mwishoni mwa 2023 mwanzilishi aliziuza kwa ZipoApps, kampuni ambayo biashara yake ni kuvuna mapato kutokana na programu za simu. Mmoja wa wachangiaji aliuchukua msimbo uleule na kuanzisha Fossify, na leo programu hizo zinapatikana bila matangazo kwa jina jipya. Mnunuzi alipata jina na nafasi kwenye duka la Google. Msimbo, na watu wanaoutunza, hakuweza kuwanunua.

Nisitie chumvi hata hivyo: tawi haliui shina kila mara. Adblock Plus, programu huria ya kuzuia matangazo kwenye kivinjari, ilianza mwaka 2011 kuruhusu matangazo iliyoyaona hayasumbui, na kampuni kubwa hulipa asilimia 30 ya mapato ya ziada ili matangazo yao yapite. Wengine walikasirika wakaanzisha Adblock Edge, iliyokufa 2015, na mwaka 2014 akaja Raymond Hill na uBlock, ambayo leo inaendelea kama uBlock Origin na ambayo kwayo yeye hapokei hata mchango. Adblock Plus bado ipo na bado inalipwa. Watumiaji wengi hukaa walipozoea. Wanaoondoka kwanza ni mafundi na wanaharakati, na hao ndio waliokuwa wakikuletea marekebisho.

Kwenye kurasa za maelezo

Kama programu yako hutumiwa na waandishi wenzako wa programu, kuna njia ambayo naona haijapewa heshima inayostahili. Read the Docs huhifadhi bure nyaraka za miradi mingi huria, na huendeshwa kwa tangazo dogo kando ya ukurasa. Kutokana na kazi hiyo wakajenga mtandao wao, EthicalAds, ambao humpa mwenye tovuti asilimia 70 ya mapato. Tangazo huchaguliwa kwa kuangalia mada ya ukurasa: ukisoma kuhusu hifadhidata, unaonyeshwa huduma ya hifadhidata. Hakuna anayekufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Ipime kwa mambo yale matatu. Anayelipa ni kampuni za teknolojia zinazowatafuta mafundi, kwa hiyo hutegemei mlipaji mmoja. Mtumiaji anatoa mtupo wa jicho tu, na bando dogo. Na msimbo wako hauna tangazo la kufuta, kwa sababu lipo kwenye tovuti yako. Anayetaka kuchukua nyaraka na kuzitundika kwingine ni ruhusa yake, lakini wasomaji huja kwako kwa kuwa ndipo zinapohuishwa.

Linganisha na kilichotokea Agosti 2019. Feross Aboukhadijeh, mwandishi wa kikagua msimbo kiitwacho Standard, aliweka tangazo lililotokea kwenye dirisha la amri kila mtu alipokisakinisha kupitia npm, huduma ya kusambazia vifurushi vya msimbo wa JavaScript. Wadhamini walikuwa Linode na LogRocket. Sababu yake ilikuwa ya haki: kazi inayotumiwa na maelfu ya kampuni, asiyelipwa ni anayeitunza. Hata hivyo malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa ndani ya siku chache, na npm ikapiga marufuku vifurushi vinavyoonyesha matangazo. Watangazaji wa aina ileile, wasomaji walewale, lakini kwenye ukurasa tangazo linavumiliwa na kwenye dirisha la kazi linakataliwa. Naamini madai ya mwandishi yule yalikuwa sahihi, na mahali alipopachagua palimnyima watu wa kumsikiliza.

Shida ya njia hii ni ufinyu wake. Haimfai mwenye programu ya wakulima au ya wanafunzi, maana mtangazaji wa seva hana shida nao, na tovuti yenye wasomaji wachache haileti kitu cha maana.

Kuacha matangazo kabisa

Hii nayo ni ya kuwekwa kwenye mizani. Jean-Baptiste Kempf wa VLC amesimulia mara nyingi kwamba alikataa makumi ya mamilioni ya euro ya kuweka matangazo na vya ziada kwenye kicheza video hicho. VideoLAN ni chama kisicho cha faida huko Ufaransa, na VLC inabaki safi.

Mfano wa Thunderbird, programu huria ya barua pepe, unanivutia zaidi kwa anayetafuta fedha. Michango yake ilikuwa dola milioni 2.8 mwaka 2021. Mwishoni mwa 2022 waliweka ombi la mchango ndani ya programu yenyewe, mbele ya macho ya watumiaji, na mwaka huo ukafungwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Yaani walitumia nafasi ya tangazo, ila wakajitangaza wenyewe. Hakuna mtu wa kati, hakuna ufuatiliaji, hakuna maktaba iliyofungwa. Faida hiyo inahitaji watumiaji wenye njia ya kulipa kwa urahisi. Kwa watumiaji wa Kenya na Tanzania, ombi lisilo na namba ya malipo ya simu halitafika mbali.

Ziko pia programu ambazo matangazo hayapaswi hata kujadiliwa. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006 chini ya AMPATH, mpango wa huduma za afya wa huko, unaishi kwa ruzuku na washirika. Mbele ya faili la mgonjwa hapana nafasi ya mtangazaji.

Uchague ipi

Kwa mwenye zana ya mafundi yenye nyaraka zinazosomwa sana: tangazo moja kwenye tovuti, kwa mada na bila ufuatiliaji. Usiliingize kwenye dirisha la amri.

Kwa mwenye kivinjari au mfumo endeshi: mkataba wa kitafutio, pamoja na michango tangu siku ya kwanza, ili mkataba ukivunjika usiwafukuze watu kazi.

Kwa mwenye programu ya Android, kabla ya AdMob jaribu walichofanya OsmAnd, programu ya ramani, na Conversations, programu ya kutumiana ujumbe: toleo la kulipia kwenye duka la Google, na lilelile bure kwenye F-Droid. Anayelipa analipia urahisi na anakutegemeza. Asiye na uwezo hakosi kitu. Hakikisha kwanza kwamba nchi yako imo kwenye orodha ya nchi ambazo Google hulipa wauzaji wa programu. Ikiwa haimo, au watumiaji wako hawana njia ya kulipia dukani, weka ombi la mchango kwa namba ya simu ndani ya programu, mara moja kwa mwaka, lenye kitufe cha kulifunga lisirudi.

Na ukishindwa yote ukaamua bango, liweke kwenye skrini moja tu, lipakiwe mara chache, na anayechangia aweze kulizima. Toleo lisilo na bango litoe wewe mwenyewe kwenye F-Droid kabla mwingine hajalitoa kwa jina lake. Kama kuna wengine waliochangia msimbo, waandikie kabla hujaiunganisha maktaba ya matangazo, usubiri majibu yao yote. Wana haki ya kukataa kazi yao isichanganywe na kitu kilichofungwa, na atakayekataa, sehemu yake utalazimika kuiandika upya au kuliacha bango.